Ulimwengu Juu ya Meza

Usiku, kazi za shamba zikiisha, James Ferguson alikuwa akichukua blanketi na kwenda kulala chali uwanjani. Mkononi alikuwa na uzi wenye shanga ndogo ndogo. Aliunyoosha mbele ya macho, akaisogeza shanga moja mpaka ikaifunika nyota, na nyingine mpaka ikaifunika nyota ya jirani, kisha akaulaza uzi juu ya karatasi na kutia alama mahali zilipokaa shanga, mshumaa ukiwaka pembeni. Alizaliwa mwaka 1710 kaskazini mwa Uskoti, mtoto wa maskini, mchunga kondoo na kibarua wa watu. Shuleni alikaa miezi michache tu. Hakuna aliyemfundisha njia ile ya kupima mbingu.

Miaka mingi baadaye Ferguson alikuwa London, akiishi kwa kuchora sura za watu na, tangu mwisho wa miaka ya 1740, kwa kutoa mihadhara ya elimu ya nyota. Vyombo vyake alivichonga mwenyewe kwa mbao. Mwaka 1768 aliandika kitabu chepesi cha elimu hiyo kwa ajili ya vijana wa kike na wa kiume, jambo ambalo wataalamu wengi wa wakati huo wangeliona ni kupoteza wino. Kitabu chake kingine, cha mwaka 1756, kilimfikia mwanamuziki mmoja wa mji wa Bath aliyekuwa akijisomea usiku. Mwanamuziki huyo, William Herschel, ndiye aliyeigundua sayari ya Uranus mwaka 1781.

Shida ya Ferguson ni shida ya kila mtu aliyewahi kusimama mbele ya watoto kuwaeleza habari za dunia na mbingu. Mwalimu wa kemia anaweza kuchanganya vitu kwenye chupa na moshi ukatoka. Mwalimu wa mimea ana jani mkononi. Lakini jua hulileti darasani, na dunia huwezi kuiona kwa sababu umesimama juu yake. Ukitegemea maneno matupu, mtoto atakariri kwamba jua liko mbali maili milioni 93, na kesho yake namba ile haina tofauti na namba ya nyumba. Kwa hiyo kila aliyefaulu katika kazi hii ilimbidi atafute njia ya kuuweka ulimwengu juu ya meza. Wengine walitumia mashine, wengine hadithi, na wachache walipata kitu chenyewe.

Mashine ilikuwa oreri, mfano wa jua na sayari zake ulioundwa kwa shaba na magurudumu ya meno, ukizungushwa kwa mkono. Jina lilitokana na mtukufu mmoja wa Ireland aliyeundiwa mmojawapo mwanzoni mwa karne ya 18. Joseph Wright, mchoraji wa mji wa Derby, aliionyesha mashine hii katika mchoro wake wa mwaka 1766: taa imewekwa mahali pa jua, mhadhiri amesimama, na nyuso za watoto walioinamia chombo zimepata mwanga kutoka ndani yake. Katika miaka ya 1780 Adam Walker aliikuza oreri ikawa pambo la jukwaa zima, picha kubwa zenye kupitisha mwanga, akaiita Eidouranion, akajaza kumbi za maonyesho za London. Alikwenda pia kwenye shule za wana wa matajiri, na mmoja wa waliomsikiliza akiwa mvulana ni mshairi Shelley. Kwa maoni yangu, Walker alirudi nyuma hatua moja. Watu walitoka wakishangaa, lakini walikuwa wameketi gizani wakitazama tamasha, ilhali Ferguson na shanga zake aliwapa kitu wanachoweza kwenda kukifanya wenyewe uwanjani.

Mwaka 1799 wakubwa wa London, wakiongozwa na mvumbuzi aliyezaliwa Marekani, Benjamin Thompson, aliyejulikana kwa cheo cha Count Rumford, walianzisha Royal Institution katika mtaa wa Albemarle. Rumford alitaka elimu iwafae hata mafundi wa mikono. Msanifu aliyepewa kazi ya kujenga ukumbi, Thomas Webster, aliweka ngazi ya mawe ya pembeni ili mafundi wapande mpaka roshani ya juu bila kupitia mlango wa wenye vyeo. Haikuchukua muda ngazi ikavunjwa. Wafadhili hawakupendezwa na wazo la vibarua waliosoma, hasa miaka michache tu baada ya mapinduzi ya Ufaransa. Ukumbi ukabaki wa watu wa magari ya farasi, na mhadhiri kijana Humphry Davy alipoanza kuwavutia kwa umeme na gesi zake, mtaa ulijaa magari mpaka, inasemekana, ukawa wa kwanza London kupitika upande mmoja tu.

Ukumbi wenyewe unastahili neno. Viti vimepangwa nusu duara na kupanda kwa kasi, hivyo kwamba kila mtu, hata wa nyuma kabisa, anaitazama meza kutoka juu. Hakuna jukwaa la kumwinua mhadhiri. Meza iko chini, katikati, nayo ndiyo inayotawala.

Mwaka 1812 kijana wa miaka 20 alipewa tiketi za mihadhara minne ya mwisho ya Davy. Michael Faraday alikuwa mwana wa mhunzi, mwanagenzi katika duka la kujalidi vitabu, na alikuwa akisoma vitabu alivyoletewa kuvishona. Alinakili kila alichosikia, akachora vyombo, akaandika upya kwa mwandiko safi, akaijalidi kazi yake ikawa kitabu, akampelekea Davy pamoja na ombi la kazi. Mnamo Machi 1813 aliajiriwa kama msaidizi wa maabara. Huyu ndiye atakayekuja kuvumbua jinsi ya kuzalisha umeme kwa sumaku. Nalikumbusha jambo hili kwa sababu mihadhara ya watoto ya Royal Institution iliendeshwa kwa miaka mingi na mtu ambaye maisha yake yote yaligeuzwa na mihadhara minne.

Mihadhara hiyo ya watoto ilianza majira ya Krismasi ya mwaka 1825, mwaka uleule Faraday alipofanywa mkuu wa maabara. Taasisi ilihitaji fedha na wasikilizaji. Shule za wenye uwezo zilikuwa zikifundisha Kilatini na Kigiriki, sayansi karibu hakuna. Mhadhiri wa kwanza hakuwa Faraday, ingawa wengi hudhani hivyo, bali John Millington. Mwaka wa pili John Wallis alizungumzia elimu ya nyota. Na mwaka 1830 ikaja zamu ya jiolojia, mhadhiri akiwa si mwingine ila yule Thomas Webster aliyejenga ngazi ya mafundi ikavunjwa. Tangu hapo alikuwa amegeukia masomo ya miamba. Mafundi walikuwa wamefungiwa nje, lakini watoto waliingia, na walikuwa watoto wa nani si siri.

Faraday alitoa mihadhara ya Krismasi mara 19, ya mwisho mwaka 1860. Alijifunza kuzungumza kama mtu anavyojifunza useremala, kwa kuajiri mwalimu wa ufasaha na kuwekewa mbele yake kadi ya kumkumbusha apunguze mwendo. Ili kuonyesha nguvu ya sumaku ya umeme aliirushia ndoo ya makaa, chuma cha kuchochea moto na koleo, vyote vikanasa. Katika mchoro wa Alexander Blaikley wa mihadhara ya mwaka 1855, mume wa Malkia Victoria ameketi safu ya mbele na wanawe wawili, mmoja wao akiwa mfalme mtarajiwa. Picha ya Faraday na ukumbi huo ilikuja kuchapwa kwenye noti ya pauni 20 ya Uingereza iliyotolewa mwaka 1991.

Lakini aliyoyafanya kwa mshumaa ndiyo yaliyodumu. Alikwisha kuyatoa mara moja mwaka 1848, akayarudia mwaka 1860 akiwa na miaka 69. Aliwaletea watoto mishumaa ya kila namna: wa Kijapani, kijiti cha mti wa kinamasi cha Ireland kinachowaka kama mshumaa, hata mshumaa uliotolewa kwenye mabaki ya meli ya kivita Royal George, iliyozama mwaka 1782; ulikuwa umelala baharini kwa miongo, na alipouwasha uliwaka. Kisha akauuliza moto maswali. Ndani ya mwali kuna nini? Akaingiza bomba la kioo katikati ya mwali, mvuke wa nta ukasafiri ndani yake, akauwasha upande wa pili. Moto unaacha nini? Akaweka chombo cha baridi juu yake, matone ya maji yakajitokeza. Maji kutoka motoni! Akayatenga maji yale yakawa haidrojeni na oksijeni. Akakusanya hewa iliyobaki baada ya kuungua, akaipitisha kwenye maji safi ya chokaa, yakageuka meupe kama maziwa. Mwisho akapuliza pumzi yake mwenyewe kwenye maji ya chokaa, nayo yakageuka vilevile.

Hapo mada ilikuwa imekwisha kuuacha mshumaa. Kama mwili unatoa hewa ileile ya ukaa inayotoka motoni, basi mji mzima wa London unawaka polepole mchana na usiku, pamoja na farasi wake na paka wake. Hewa hiyo inakwenda wapi? Inachukuliwa na majani, miti inajijenga kwayo, na upepo unaunganisha pafu la mtoto wa Albemarle na msitu wa nchi asiyowahi kuisikia. Faraday hakuwa amesema anafundisha habari za dunia. Alianza na kitu cha bei ya senti ambacho kila mtoto alikiacha nyumbani juu ya meza yake, na akafika kwenye hewa inayoizunguka sayari. William Crookes aliyachukua maneno hayo na kuyachapisha mwaka 1861, na kitabu hakijaacha kuchapishwa tangu hapo.

Waliomfuata waliielewa siri hiyo. John Tyndall, aliyekuwa amepima mwaka 1859 jinsi mvuke wa maji na hewa ya ukaa zinavyozuia joto lisitoroke, aliwafundisha watoto mwaka 1871 habari za barafu, maji, mvuke na hewa. Hakuanza na milima ya Alps, ingawa aliipanda kwa ujasiri wa wazimu. Alianza na mto, akaufuata kurudi kwenye chanzo chake, kutoka chanzo kwenda kwenye mvua, kutoka mvua kwenda baharini na kwenye jua. Rafiki yake Thomas Huxley alikuwa amefanya jambo linalokaribiana na hilo mwaka 1869 katika taasisi nyingine ya jiji hilo, akizungumza na vijana: aliwasimamisha kimawazo juu ya daraja la London, akawauliza maji ya Thames yanatoka wapi, na kwa mihadhara 12 akawazungusha dunia nzima. Huxley aliona upuuzi mtoto wa London ajue majina ya mito ya nchi za mbali huku hajui unaopita nyuma ya nyumba yake. Shutuma hiyo ingeweza kuelekezwa kwa vitabu vingi vya jiografia tulivyosomeshwa huku kwetu, Thames ukiwa miongoni mwa mito tuliyoikariri.

Nyota zilibaki na ugumu wake. Hapo ndipo Robert Ball, mtu wa Dublin mwenye tumbo kubwa na utani mwingi, alipopata umaarufu. Alitoa mihadhara ya Krismasi mara tano kati ya 1881 na 1900, na kitabu chake cha mwaka 1889, Star-Land, kilitokana nayo. Ball alikuwa na taa ya kuonyesha picha ukutani, lakini silaha yake hasa ilikuwa hesabu iliyovaa nguo za kila siku. Tuseme, alisema, kuna reli ya kwenda kwenye nyota ya Alpha Centauri, na shirika la reli, ili kuvutia abiria, limeweka nauli ya peni moja kwa kila maili 100. Abiria anafika dirishani na kuulizia tiketi. Piga hesabu: safari ni maili trilioni 25 hivi, na peni 240 za wakati huo zilifanya pauni moja, kwa hiyo nauli ni zaidi ya pauni bilioni moja, kiasi kilichozidi deni lote la taifa la Uingereza. Watoto walicheka, na walipomaliza kucheka walikuwa wameuhisi umbali ule mifukoni mwao.

Herbert Turner aliwapeleka watoto safari ya angani mwaka 1913, miezi michache kabla ya vita. James Jeans mwaka 1933. Nitawapita wote wawili, kwani mihadhara yao inasomeka vizuri lakini haikuongeza mbinu mpya. Vita vya pili vilisimamisha mihadhara kuanzia 1939 hadi 1942. Iliporudi, zamu ya mwisho wa mwaka 1944 ilikuwa ya Harold Spencer Jones, mnajimu mkuu wa kifalme, aliyezungumzia elimu ya nyota katika maisha ya kila siku. Majira hayo makombora ya Kijerumani ya V-2 yalikuwa yakiangukia London. Yalipanda juu kuliko chombo chochote alichokuwa amewahi kukirusha binadamu, yakashuka kwa kasi inayozidi sauti, hivyo mlio wake ulifuata baada ya mlipuko. Kuna wazazi waliowavalisha watoto makoti katika majira hayo na kuwapeleka kusikiliza habari za saa, nyakati na nyota.

Mwaka 1965 kazi iligawanywa kwa wanajimu wanne wa darubini za redio, miongoni mwao Bernard Lovell, Martin Ryle na Antony Hewish. Miaka miwili baadaye mwanafunzi wa Hewish, Jocelyn Bell, aliona katika karatasi za chombo chao alama ndogo zenye kurudiarudia kwa utaratibu. Ndivyo palsa, nyota zinazotuma mapigo ya redio, zilivyogunduliwa. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 walipewa Ryle na Hewish, Bell hakutajwa.

Tangu 1966 mihadhara ilirushwa kwenye televisheni kila mwaka, na watoto mia kadhaa wa ukumbini wakawa wawakilishi wa mamilioni. Carl Sagan alikuja kutoka Marekani mwaka 1977. Vyombo viwili vya Viking vilikuwa vimetua Mirihi mwaka uliotangulia, na Voyager mbili zilikuwa safarini kwenda Mshtarii na Zohali. Kati ya mihadhara yake sita, mitatu ilikuwa ya Mirihi. Lakini alianza na dunia, akiitazama kama sayari ya ugenini, akiuliza mgeni kutoka mbali angejuaje kwamba huku kuna uhai. Kwa mara ya kwanza mhadhiri aliweza kuonyesha mchanga wa sayari nyingine uliopigwa picha kwenye uso wake. Hata hivyo ilikuwa bado ni picha.

Mzaliwa wa Nairobi, Richard Dawkins, alipopewa meza hiyo mwaka 1991 alining'iniza tufe zito la chuma kwa kamba, akalivuta hadi usoni pake, akaliachia na kusimama palepale likirudi. Sheria za maumbile zikiwa kweli, halitamgusa. Halikumgusa. Ni jaribio la zamani, na bado sijui njia bora ya kumwonyesha mtoto maana ya kuiamini fizikia.

Wanawake walisubiri mpaka 1994, alipoitwa Susan Greenfield, miaka 169 baada ya mwanzo. Mwaka 2003 ikawa zamu ya Monica Grady, mtaalamu wa vimondo. Naye ndiye, kwa mtazamo wangu, aliyeimaliza shida ya Ferguson, kwa sababu kimondo hakina haja ya mfano. Ni kipande cha anga chenyewe, kizee kuliko jiwe lolote la duniani, na unaweza kukiweka juu ya meza mtoto akakigusa. Anayetaka kukigusa kikubwa zaidi na aende Mbozi, mkoani Songwe, ambako kimelala kimondo cha chuma kinachokadiriwa kuwa na tani 16. Wanasayansi walikifikia mwaka 1930, wenyeji wakiwa wamekwisha kukijua. Msimu huohuo wa Grady, siku yenyewe ya Krismasi, chombo cha Kiingereza Beagle 2 kilipaswa kutua Mirihi na kutuma ishara. Kimya. Kilikuja kuonekana mwaka 2015 katika picha zilizopigwa kutoka juu ya sayari hiyo: kilikuwa kimetua salama, ila paneli zake hazikufunguka zote.

Mwaka 2020 mada ilikuwa dunia, na wahadhiri watatu: Chris Jackson kwa miamba, Helen Czerski kwa bahari, Tara Shears kwa hewa. Jackson, mwanajiolojia, alikuwa mwanasayansi Mweusi wa kwanza kupewa mihadhara hiyo. Miaka mitatu kabla, akiwa na timu ya BBC, alishuka ndani ya kreta ya Nyiragongo, mlima unaoichungulia Goma, kulitazama ziwa la lava kwa karibu. Mlima huo ulilipuka tarehe 22 Mei 2021 na lava yake ikafika ukingoni mwa mji.

Kwa sababu ya Korona, viti vya Albemarle vilikuwa vitupu, watoto wakishiriki kwa video kutoka majumbani. Vipindi vilitengenezwa kwa ustadi, na hoja za mabadiliko ya tabianchi zilielezwa vizuri kuliko nilivyozisikia kwingine. Lakini ukumbi ule ulijengwa ili mtu aitazame meza, na desturi ya kumwita mtoto kutoka kitini aje ashike, apulize, avute au aone kwa karibu haikuwezekana. Mwaka uliofuata mada ikawa virusi, na nyuma ya meza akasimama Jonathan Van-Tam, aliyekuwa naibu mganga mkuu wa England.